Mkongomani wa Uyole aliniuliza "na ninyi munatuma nini?", nikaishia kukoroga chai

#1 Kiraka wa Uyole (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huku Uyole, Mbeya, mvua imeshika tangu saa nane mchana, hakuna gari linalosimama, kwa hiyo acha nishushe huu uzi ambao umenikaa kifuani mwaka mzima. Ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, tutakutana mbele.

Mimi ni fundi wa matairi. Kabla ya hapo niliendesha malori miaka kumi na mbili, Dar kwenda Lubumbashi, mpaka mgongo ukagoma. Sasa nina kibanda kando ya barabara kuu, kompresa moja na vijana wawili.

Februari mwaka jana, 2025, alisimama kwangu dereva wa Kikongo anayeteremka Dar na sahani za shaba. Matairi mawili ya ndani ya tela yalikuwa yamekwisha, waya nje. Alishuka hata hakuyatazama. Simu sikioni. Akaishusha, akapiga tena, akaiweka juu ya kompresa sauti ikiwa wazi, tukawa tunamsikiliza wote yule mama anayesema namba haipatikani. Kompresa ikitetemeka, simu inatembea polepole kuelekea ukingoni. Kijana wangu anairudisha katikati. Inatembea tena. Nadhani ameirudisha mara nne ile, hakuna aliyefikiria kuihamisha.

"Dada yangu iko Goma," akaniambia. "Siku kumi sasa."

Goma, mji wa mashariki mwa Congo, iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 tarehe 27 Januari, wengi mnakumbuka. Nikampa pole, nikaagiza chai kwa mama wa jirani. Tumekaa, akaniuliza bila ukali wowote, kama mtu anayeulizia bei ya tyubu: "Na ninyi Watanzania, munatuma nini?"

Nikajibu harakaharaka kwamba tumepeleka askari. Akanitazama. "Askari wenu iko ndani ya kambi, hawawezi kutoka. Njo vile. Munatuma nini ingine?"

Wakuu, nilikoroga chai mpaka sukari ikaisha kuyeyuka na nikaendelea kukoroga.

Baada ya pale nikaanza kufuatilia, maana nilijiona mjinga. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, ilipeleka kikosi Desemba 2023: Afrika Kusini, sisi na Malawi. Kazi ilikuwa kulisaidia jeshi la Congo kupambana na makundi ya waasi mashariki. Januari 2025 moto ulipowaka Sake na Goma, Afrika Kusini ilipoteza askari 14, Malawi watatu, sisi wawili. Uwanja wa ndege wa Goma ukatekwa, na waliobaki wakakaa kambini huku aliyewazunguka ndiye mwenye mji. Machi 13 SADC ikafunga shughuli. Mwisho wa Aprili msafara ukaanza kutoka, na ulipita wapi? Ndani ya Rwanda, mpaka Chato kwetu. Yaani umekwenda kumsaidia jirani, unarudi nyumbani kwa kupita uani kwa mtu ambaye wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba ana askari kati ya 3,000 na 4,000 ndani ya nchi ya huyo jirani. Rwanda inakana, najua, na tutalijadili hilo.

Lakini kilichonichoma zaidi ni mkutano wa Dar, tarehe 8 Februari, SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa pamoja. Kagame wa Rwanda alikuja mwenyewe, Tshisekedi wa Congo alishiriki kwa video. Tamko lao likataka mapigano yasitishwe bila masharti na majeshi ya kigeni yasiyoalikwa yaondoke Congo. Yasiyoalikwa, ya nani? Kimya. Ni kama kesi ya kuku kitongojini, mwenyekiti anasimama na kusema: aliyekula kuku wa Mama fulani, popote alipo, anaombwa aache. Na manyoya yako mlangoni kwa mtu.

Wiki mbili baadaye, tarehe 21, Baraza la Usalama likapitisha azimio 2773, kura 15 kwa 15, likilitaja jeshi la Rwanda kwa jina na kulitaka liondoke. Watu wa New York walisema ambacho majirani waliona haya kusema.

Sasa nije kwenye hoja yangu. Baba yangu alikuwa utingo wa malori ya mafuta, Iringa hadi Tunduma, kuanzia 1966. Smith alipojitangazia uhuru wake kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Novemba 1965, mafuta ya Zambia yakakatika maana yalikuwa yanapita kusini. Kaunda angekauka. Basi mafuta yakaanza kupita hapahapa kwetu, kwenye mapipa, juu ya malori, barabara ya udongo. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Mzee alikuwa akisimulia mapipa yanavyovuja, unalala chini ya gari Sao Hill kwa baridi ile na huthubutu kuwasha moto kwa sababu nguo zako zenyewe ni petroli. Kurudi wanabeba shaba. Alikuwa anasema "mzigo wa Kaunda" kama mtu anavyosema mzigo wa shemeji.

Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likakamilika, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, linapita Iringa na Mbeya yetu hii. Kisha reli. Wazungu walisema hailipi, Wachina wakatoa mkopo usio na riba, ikajengwa 1970 hadi 1975, kilomita 1,860. Na Nyerere Desemba 1965 alivunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya jambo hilohilo la Rhodesia, mkopo wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa. Tulikuwa maskini wa kutupwa.

Huo ndio msaada ninaouelewa mimi fundi: kitu unachoweza kukigonga kwa nyundo kikalia. Jirani alikuwa akiuliza "munatuma nini?" unamwonyesha bomba. Leo tunamwonyesha tamko. Karibuni, ila msinitukane, nina mvua ya kutosha.

#2 Mlowo Kwetu

Nimevuta kigoda. Hapo kwa mwenyekiti na kuku nimecheka mpaka mke wangu kaja kuuliza.

#3 Bwana Nsalaga

Mkuu, simulizi tamu lakini inatuhusu nini? Sisi hapa njia nne za Nsalaga hadi Ifisi tunazisubiri kama kurudi kwa Masiya, mteremko wa Iwambi unaua watu kila uchao, wewe unataka tukanunue ugomvi wa Kigali na Kinshasa. Congo ina dhahabu, shaba, kobalti, kila kitu. Inunue jeshi lake. Askari wetu wawili walikufa kwa lipi? Nani aliwauliza mama zao?

#4 Kiraka wa Uyole

Bwana Nsalaga, shaba hiyohiyo ndiyo inayokupitia mlangoni usiku kucha. Mzigo wa Congo ukikoma kupita bandari ya Dar, nusu ya hii barabara inageuka malisho, na mimi na wewe tunarudi kulima viazi Isyesye. Kwa hiyo usiseme haituhusu. Sema gharama yake hatuiwezi, hapo nitakusikiliza.

#5 Askofu wa Takwimu

Mwanzisha uzi umeandika vizuri lakini umeruka mwaka 2013, na ukiuruka huo hoja yako inachechemea.

Machi 2013 Baraza la Usalama lilipitisha azimio 2098, likaunda brigedi ya kuingilia kati ndani ya MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa kule Congo. Nchi zilezile tatu: Tanzania, Afrika Kusini, Malawi. Kamanda wake alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa, Mtanzania. M23 hiyohiyo ilikuwa imeshaingia Goma Novemba 2012 na kutoka. Kufikia Novemba 2013 ilikuwa imepigwa, imekimbilia Uganda na Rwanda. Miezi michache tu.

Kwa nini ile ilifaulu na hii ikashindwa, wakati nchi ni zilezile? Siyo ushujaa. Kwanza walikuwa na helikopta za kivita na mizinga na amri ya kushambulia, na nyuma yao mfuko na vifaa vya Umoja wa Mataifa. Kikosi cha 2023 kilikwenda hakina ndege za kutosha, Afrika Kusini yenyewe iliahidi askari hadi 2,900 na bajeti ilikuwa inalalamikiwa kwao. Pili, na hili ndilo kubwa, mwaka 2012 wafadhili walizuia misaada kwa Rwanda: Marekani kiasi, Uingereza, Ujerumani, Uholanzi, Sweden. Mkono uliokuwa unawashikilia M23 ukalegea. Mwaka 2025 Marekani ilimwekea vikwazo Kabarebe, waziri wa Rwanda, Februari, Uingereza ikasimamisha sehemu ya misaada, Umoja wa Ulaya ukafuata Machi. Lakini vyote hivyo vilikuja Goma imeshakwenda na Bukavu imeshakwenda. Unazima jiko ugali umeshaungua.

Kwa hiyo usiseme askari si msaada. Askari ni msaada wakipewa ndege, na yule wa upande wa pili akiondolewa fedha. Kimoja bila kingine ni mazishi.

#6 Kiraka wa Uyole

#5 hapo umenikamata. 2013 nilikuwa barabarani na nakumbuka tulivyokuwa tukipokewa Kasumbalesa na Lubumbashi. Ukisema wewe Mtanzania unauziwa maji kwa bei ya Mkongo. Nilidhani ni ukarimu tu.

#7 Msema Lake

Nitatukanwa lakini nasema. Mnaita uvamizi kana kwamba upande mmoja ni malaika. FDLR, waasi wanaoipinga Kigali, wapo ndani ya Congo, na mbegu yake ni watu waliokimbia Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kinshasa imewatumia mara ngapi? Wakongo wanaozungumza Kinyarwanda wananyanyaswa, wanaambiwa warudi kwao na kwao ni palepale. Hata jina M23 linatokana na makubaliano ya tarehe 23 Machi 2009 ambayo wao wanasema serikali haikuyatimiza. Kikwete mwenyewe Mei 2013 kule Addis Ababa alishauri Rwanda izungumze na FDLR, mkaona alivyoshambuliwa. Ugomvi huu haufai kuingiwa na mtu mwenye haraka.

#8 Askofu wa Takwimu

Msema Lake, yote uliyosema ni kweli na hakuna hata moja linalompa mtu ruhusa ya kuvuka mpaka na kuteka mji wa watu wengi kama Goma. Jirani akinyanyasa watoto wake unamshtaki kwa wazee. Huhamii sebuleni kwake ukaanza kuuza samani.

#9 Msema Lake

Na wazee wakikataa kusikia miaka thelathini?

#10 Mama Ubani, Iringa

Sijawahi kuandika kwenye nyuzi hizi za siasa, mimi ni wa jukwaa la mapishi. Lakini mnaandika "askari" kama vile ni mifuko ya saruji, huyu apewe ndege, yule aondolewe.

Kaka yangu alikuwa kule. Sitasema zaidi, mwenyewe hapendi. Wiki ile ya mwisho ya Januari mama yetu alikuwa hali chakula. Alikuwa anawasha redio anaizima, anaiwasha anaizima, betri zikaisha akaniambia nikanunue na nikileta asiziweke. Ujumbe ulipokuja ulikuwa maneno mawili: "Nipo. Salamu." Mama alinitaka nimsomee mara tatu maneno mawili.

Alirudi. Anakula vizuri, anacheka. Tuna bustani ya nyanya Ilula, anakwenda kumwagilia alfajiri kabla hajaamka mtu. Siku moja nilimuuliza kama ilikuwa na maana. Akaniambia kule Sake kulikuwa na bibi alikuwa anawapitia na ndizi mbivu, hataki hela, anasema mkiwepo hapa ninalala. Basi. Hilo ndilo jibu lake lote, akaendelea na mpira wa maji.

Bwana Nsalaga, hakuna aliyemuuliza mama. Hilo ni kweli. Na mama hakumzuia pia.

#11 Bwana Nsalaga

Dada Mama Ubani, samahani. Nilikuwa na hasira za foleni. Mpe salamu mama.

#12 Mzee wa Kilolo

Kamwene wana. Nimesoma yote kwa miwani ya mjukuu.

Kijana wa matairi, baba yako alisema kweli, lakini usiipambe sana ile enzi. Mimi niko huku karibu na Mgagao, wapigania uhuru wa Zimbabwe walifundishwa vita pale. Tuliwauzia mahindi, wengine tuliwapa. Mwaka 1975 maofisa wao vijana waliandika waraka palepale kambini wakiwakataa wakubwa wao na kumtaja Mugabe kuwa msemaji wao. Sisi wanakijiji hatukuambiwa lolote. Tuliona tu magari yanaingia usiku, tukaelekezwa tusiulize. Kusaidia jirani kulikuwa hivyo: unatoa na huulizi. Vijana wa leo mnauliza sana, labda ni bora.

Na sisi tulivamiwa, msisahau. Mwisho wa Oktoba 1978 Amin aliingia Kagera, akavunja daraja la Kyaka. Nani alitusaidia? OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilitaka tukae mezani naye, kulaani kwenyewe kulikuwa shida. Gaddafi alimpelekea Amin askari. Aliyetuletea kikosi ni Samora wa Msumbiji, na yeye alikuwa na nchi ya miaka mitatu tu, Smith anamchokoza kila siku. Tulipomaliza kazi Kampala, Aprili 1979, tukaenda Monrovia Julai tukalaumiwa sisi! Kwa hiyo hilo tamko la Dar lisilomtaja mtu si jambo jipya. Marais wa Afrika wana adabu hiyo tangu zamani.

Gharama nayo. Malori ya watu yalichukuliwa kupeleka majeshi, mengine yalirudi yamebaki chasisi. Tulitoa ng'ombe, tulitoa mahindi. Mwalimu akatuomba tufunge mkanda miezi 18. Miezi 18 ilipita, sabuni hakuna, sukari foleni, nimeoa mke wangu kwa kitenge cha kuazima. Wala sijutii vita ile. Nasema tu bomba na reli ulizozisifu zililipiwa na watu, hazikushuka na mvua. Na kule Zambia waliokuwa wanasaidiwa walilipa zaidi: Oktoba 1979 makomando wa Rhodesia walikwenda wakalipua madaraja ya Chambeshi, la reli na la barabara, kusudi Kaunda akose pa kupitishia mahindi.

#13 Kiraka wa Uyole

Mzee shikamoo. Hapo kwenye kitenge cha kuazima nimenyamaza. Baba hakuwahi kunisimulia upande wa sabuni, alisimulia wa malori tu. Labda kwa sababu wa sabuni alikuwa ni mama.

Narekebisha hoja yangu basi. Nilisema zamani tulitoa vitu, leo maneno. Niseme hivi: zamani aliyeamua kusaidia alikubali hasara kabla, akaitangaza, akaanza kazi. Sasa hivi tunatuma watu wachache na kuomba Mungu kusiwe na hasara. Ikitokea, tunafunga shughuli. Na baada ya hapo meza zimehamia mbali: Washington Juni na Desemba, Doha Julai. Mikataba imesainiwa na marais wenyewe tarehe 4 Desemba, na siku sita baadaye M23 wakaingia Uvira. Uvira wakuu! Pale ni ziwani, Ziwa Tanganyika letu. Baadaye wakasema wanaondoka, sawa, lakini nani anaamini.

#14 Mchele Mbarali

Mimi ni mfanyabiashara, sina siasa. Lubumbashi mchele wetu unakwenda kama kawaida, kule hakuna vita, watu msichanganye mashariki na kusini. Ila wateja wangu wa kule wamebadilika. Zamani tukimaliza hesabu tunaongea mpira. Sasa wananiuliza hilohilo alilouliza dereva wako: ninyi muko upande gani? Nikisema niko upande wa mchele hawacheki tena.

#15 Mlowo Kwetu

Mwanzisha uzi umetuacha hewani. Yule dada wa Goma vipi?

#16 Kiraka wa Uyole

Nilikuwa naogopa kuulizwa.

Alipatikana. Siku ya kumi na tatu, jamaa alinipigia akiwa Mikumi, analia, nikadhani amepata ajali. Dada alikuwa na watoto wawili, wakatoka Goma, wakashuka kidogokidogo kusini hadi Uvira kwa ndugu wa mumewe. Wakasema hapa tumefika. Ndipo Desemba nayo ikaja. Sasa wako Burundi kambini pamoja na maelfu ya wengine waliovuka.

Jamaa amepita kwangu juzi Jumanne anapandisha Lubumbashi, mtupu. Tumeweka tyubu mpya, hakusema mengi. Leo mchana amenitumia sauti kutoka foleni ya Tunduma. Anaomba ruhusa kazini ya siku tano, anataka kwenda kuwaona, apite kwetu maana anaogopa njia za kwao. Dada anaweza kusogea hadi mpakani, Manyovu. Anauliza kutoka Mbeya kuna basi la Kigoma au lazima azunguke Dodoma. Mimi barabara ya upande ule sijui, nimeishi maisha yangu yote kwenye TANZAM, barabara hii ya Zambia.

#17 Mchele Mbarali

Yapo. Yanapita Sumbawanga na Mpanda, hayazunguki Dodoma. Akate tiketi siku moja kabla, na avae koti, alfajiri kule Ufipa kuna baridi ya kukata masikio.

#18 Bwana Nsalaga

Nina shemeji Kigoma mjini, ana gari dogo la abiria linalokwenda Manyovu. Si mbali pale. Kiraka, mwambie jamaa asilale nyumba ya wageni, nakutumia namba ya shemeji kwa ujumbe wa siri sasa hivi. Watoto wana umri gani?

#19 Kiraka wa Uyole

Mmoja saba, mwingine minne.

#20 Mama Ubani, Iringa

Nina masweta ya wanangu, yamewabana. Kesho asubuhi kuna gari la nyanya linatoka Ilula kuja Mbeya, dereva ni mtu wetu. Kibanda chako kiko upande gani wa mizani?